Pasipofikiwa na Mkono

Wodi ya Ngozi, Hospitali Kuu
4 Machi

Baba Chiriku,

Salamu nyingi, na pole kwa kuachiwa nyumba. Hali yangu usiniulize, maana nitakudanganya halafu utajua. Nimepata kitanda cha dirishani, ila pazia halifunguliwi. Jirani yangu ni mama mmoja mwenye malengelenge miguuni ambaye akianza kusema asubuhi hanyamazi mpaka taa zizimwe. Nimempa jina la Redio. Nakuandikia barua kwa sababu simu ya wodi iko mezani kwa sista, na ukiishika tu wodi nzima inatega masikio, Redio akiwa wa kwanza.

Sasa ya daktari. Ni mwanamke mfupi, hacheki ovyo, ana kioo cha kukuzia chenye taa ndani yake. Anakibandika kwenye ngozi yangu, jicho kwa nyuma, anakaa hivyo mpaka nasahau kupumua. Namwita Daktari Kioo. Ameniambia bila kuzunguka: haya mabaka yangu mekundu, yaliyojiviringa na kutoa magamba, yanaweza kuwa ya ugonjwa mmoja kati ya miwili. Kuna soriasisi, na kuna lupasi ya ngozi, ile inayochokozwa na jua. Kwa macho wanafanana kama pacha, mama yao mwenyewe angewachanganya. Nimeshawapa majina, Magamba na Jua. Tabu ni kwamba Magamba anatibiwa kwa mwanga, unaingizwa kwenye kabati la taa unasimama humo. Jua naye ukimpa mwanga ni kama umemmwagia petroli. Kwa hiyo lazima ajulikane ni yupi kabla hawajanitibu.

Watakata kipande kidogo cha ngozi wakitazame kwa hadubini. Lakini kwanza niache kila dawa ya kupaka, hata zile tyubu nilizoziacha kwenye droo, kwa sababu dawa inaufunika ugonjwa na hadubini inaona uongo. Ninachoruhusiwa ni mafuta ya mgando ya hapa wodini, hayana harufu hata ya kusingiziwa. Nawashwa mpaka nasaga meno.

Hapa kila anayenigusa amevaa glavu. Mimi, msusi, ambaye kutwa nzima vidole viko kwenye vichwa vya watu. Wateja walipoanza kunikwepa niliumia, lakini wale ni wateja tu. Usiku ule kabla sijaondoka ulitandika mkeka ukalala chini. Sikukuuliza, na sikuulizi sasa.

Nina hamu na kelele za nyumba yangu. Mbusu Chiriku.

Mkeo


Nyumbani
12 Machi

Mama Chiriku,

Barua imefika. Mimi si mtu wa maneno, unajua mwenyewe kwamba friji mbovu ndiyo naongea nayo kuliko binadamu. Lakini nitajaribu.

Mwanao hajambo. Nilimsuka. Nilianza na mistari minne nikaishia na mitatu, wa nne sijui ulikwenda wapi. Alijitazama kwenye kioo, akakaa kimya, na wewe unajua Chiriku kukaa kimya maana yake nini. Mwalimu wake alimuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Akasema yupo, ila anayesuka ndiye mzima.

Nyumba imepoa. Naweka vikombe viwili vya chai kila asubuhi, halafu nakinywa na cha pili ili kisikae pale. Jana nilifungua droo yako kutafuta sindano, nikakaa muda pale kitandani.

Nimekutumia kopo la mafuta yako ya saluni, yale ya harufu ya waridi, kupitia kwa dereva wa basi la asubuhi. Nimeyakoroga mwenyewe yawe laini. Ni mafuta tu, si dawa. Paka asubuhi na jioni, kila mahali panapowasha, na usiwaonyeshe, maana hospitali wana maneno mengi kwa jambo dogo. Nataka upate nafuu upesi. Chiriku anauliza kila siku utarudi lini.

Mumeo


Wodi ya Ngozi
22 Machi

Baba Chiriku,

Umefanya nini kwenye yale mafuta, mwanamume wewe? Siku ya kwanza nililifungua kopo ili ninuse tu. Nilifunika shuka usoni nikanusa saluni yangu, nikanusa na mto wetu. Nikapaka kidogo mkononi. Asubuhi pale nilipopaka hapakuwasha. Nikasema basi, kama ni dhambi ni dhambi ya waridi. Sasa napaka kila ninapofikia: mikono, kifua, shingo, mapaja. Mabaka yamefifia mpaka Redio mwenyewe ameishiwa maneno, jambo ambalo wodi nzima imelisherehekea.

Kopo nalificha ndani ya soksi. Sijamwambia Daktari Kioo. Nimweleze nini, kwamba napaka mafuta ya nywele kwa sababu yananikumbusha mume wangu? Angecheka, na nimekwambia hacheki ovyo.

Jana wamekata kile kipande, hapa kwenye mkono wa kushoto, wakashona. Daktari alikuwa na mashaka kidogo. Alisema ngozi imetulia sana kwa mtu ambaye hatumii kitu, angependa baka jipya linalowaka. Lakini hakuliona, akakata hilo lililokuwepo. Majibu yatachukua muda.

Usiku nalala ubavu nikitazama ukuta. Kitanda ni chembamba, lakini nalala upande mmoja kama vile upo. Mazoea haya yanatia aibu kwa mtu mzima.

Mkeo


Nyumbani
30 Machi

Mama Chiriku,

Barua yako niliisoma karakana, nimesimama, mteja ananingoja. Nilimrudishia friji yake bila kuweka plagi. Akarudi kuniuliza.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nilijua yatasaidia. Endelea kupaka mpaka kopo liishe. Nimepaka rangi chumba cha mbele, na ile benchi ya wateja wako nimeikaza miguu. Wanauliza, kila siku mmoja wao anapita kuuliza. Nawaambia ngojeni, atakuja akiwa yule yule, hamtaona hata alama. Na mimi nataka hivyo hivyo, urudi ukiwa yule yule.

Kwenye kusuka nimefika mistari mitano. Chiriku anasema sasa nafanana na msusi anayejifunza kwa barua.

Mumeo


Wodi ya Ngozi
8 Aprili

Baba Chiriku,

Majibu yametoka, na hayajasema kitu. Kipande kilikuwa kimepoa, hakuna alama ya huyu wala ya yule. Kipimo cha damu bado hakijarudi kutoka kwenye maabara kubwa. Madaktari wamekaa wakajadiliana, wakasema kwa jinsi mabaka yalivyotulia bila dawa, na magamba yale ya mwanzo, wanaelekea kwa Magamba. Juzi nimeanza mwanga.

Ungeliona kabati lenyewe ungelipenda. Ni kama friji iliyosimama, taa ndefu ukutani pande zote, na feni inanguruma. Unaingia mtupu kama ulivyozaliwa, unavaa miwani myeusi, mlango unafungwa. Nilicheka peke yangu humo ndani. Nilijisemea mume wangu angeuliza kwanza inatumia umeme kiasi gani.

Kopo limeisha. Limebaki na harufu tu.

Umeandika kwamba nirudi nikiwa yule yule. Umeandika mara mbili. Nimeyasoma maneno hayo nikiwa na mkono wenye mshono, na sikujua niyaweke wapi. Yule yule ni yupi? Wa kabla ya mkeka?

Tuyaache. Mwanga leo umeniacha na joto kifuani. Wanasema ni kawaida ya mwanzo.

Mkeo


Idara ya Magonjwa ya Ngozi, Hospitali Kuu
19 Aprili

Ndugu,

Mimi ndiye daktari anayemtibu mkeo. Ninaandika mimi kwa sababu mikono yake imefungwa bandeji na kwa sasa hawezi kushika kalamu.

Siku chache baada ya kuanza tiba ya mwanga, mwili wake uliwaka. Kifua, shingo na mikono imevimba na kutoa vidonda, akapata homa kali. Tumeusimamisha mwanga na tumemhamishia chumba cha peke yake. Homa imeanza kushuka. Hayuko hatarini, na sikuandikii hivyo ili kukupoza. Ningekuwa na wasiwasi ningekwambia.

Ngozi ikifanya hivi chini ya mwanga, inanieleza kwamba huenda tulimchagua pacha asiye mwenyewe. Lakini neno huenda si ushahidi wa kutosha, na tiba ya kweli ni ya miaka. Sitaki kukosea mara ya pili.

Sista alipokuwa akikusanya vitu vyake alikuta kopo tupu ndani ya soksi. Mkeo anasema ni mafuta ya nywele uliyomtumia. Nimeyanusa, ni ya nywele kweli. Lakini mafuta ya nywele hayapozi mabaka kwa wiki moja. Nakuomba uniambie kilichokuwa ndani yake, chote. Sitafuti wa kumlaumu. Mimi mwenyewe ningeweza kusubiri damu irudi kabla ya kufungua lile kabati, na sikusubiri.

Daktari wa ngozi


Nyumbani
23 Aprili

Daktari,

Shikamoo. Nakujibu palepale nilipopata barua yako, unisamehe mwandiko.

Ndani ya kopo kulikuwa na mafuta yake ya nywele, na zile tyubu alizoziacha kwenye droo. Zilikuwa sita, nilizikamua zote nikakoroga kwa kijiko. Ni zile za duka la dawa, za kutuliza muwasho na wekundu. Maganda ninayo, nimeyafunga humu ndani ya bahasha usome maandishi yake.

Yeye hakujua. Nilimwambia ni mafuta tu. Alikuwa ameniandikia kwamba hadubini itaona uongo akipaka dawa, nikasoma, nikaelewa. Lakini alikuwa ameandika pia kwamba anasaga meno kwa kuwashwa. Nikasema hadubini itajua yenyewe, hao ni wataalamu. Kwenye kazi yangu mtu akiniletea friji huku ameshaibandika gundi mahali panapovuja, namfukuza, kwa sababu sioni tena tundu liko wapi. Na mimi nimefanya hilo hilo kwenye mwili wa mke wangu.

Naomba ruhusa nije nimwone. Mtoto nitamwacha kwa dada yangu. Tafadhali mwambie nina hamu naye, na kama hataki kusikia, basi mwambie tu kwamba mtoto hajambo.

Mumewe


Wodi ya Ngozi
10 Mei

Baba Chiriku,

Mwandiko umepinda kwa sababu vidole ndiyo kwanza vinazoea. Redio alijitolea aniandikie, nikamshukuru sana, nikakataa.

Ulipoomba ruhusa ya kuja, Daktari Kioo alikubali. Mimi ndiye niliyemwambia akunyime. Nilikuwa natoka ngozi kwenye shingo kama karatasi. Sikutaka uione hiyo ukiwa na chumba chako kilichopakwa rangi.

Barua yako kwake alinisomea. Nilikasirika mpaka nikataka kutupa kitu, nikakosa mkono wa kutupia. Nilisimama kwenye lile kabati kwa hiari yangu, ninacheka, nikidhani napona. Ningejua mapema ningekutukana vizuri, kwa barua ndefu. Sasa hasira imechoka na sina nguvu ya kuifufua. Lakini ilikuwepo, nataka ujue.

Sikiliza kilichotokea. Daktari alisema hana pa kukata, dawa yako imefika kila mahali na mwanga umevuruga palipobaki. Asubuhi moja sista alikuwa ananibadilishia shuka, nikageuzwa kifudifudi, na Daktari akiwa mlangoni akamwambia sista angoje hapo hapo. Akaja na kioo chake. Mgongoni juu, katikati ya mabega, pale gauni langu la kazi linapoishia, kulikuwa na mabaka mawili yanayowaka, kamili, hayajaguswa na kitu. Mgongo sikuugeuzia mtu tangu nifike, na madaktari wakati wote walikuwa wanahangaika na mikono. Kwenye kabati nalo, ingawa nilikwambia unaingia mtupu, niliingia na taulo mabegani kwa aibu yangu, na hakuna aliyeniambia niitoe.

Akaniuliza, hapa hukupaka? Nikamwambia sifiki. Akauliza, nyumbani unafanyaje? Nikamwambia nyumbani anapaka mume wangu. Akaondoa kioo, akakifuta, kisha akaagiza kisu na ganzi.

Safari hii hadubini iliona. Ni Jua. Damu nayo imerudi, imesema hivyo hivyo. Nimeanza vidonge, vya ukoo wa zile dawa za zamani za malaria, na vinashika polepole.

Sasa nakwambia usiyoyajua, ili uamue ukiwa macho. Ugonjwa huu hautoki, unatulizwa tu. Barazani sisuki tena, wateja itabidi waingie ndani. Nitavaa mikono mirefu na kofia pana mchana kutwa, nitaonekana kama mlinzi wa shamba la nyuki. Na kifuani na mikononi yamebaki madoa meupe. Daktari anasema mengine yataondoka na mengine hayataondoka. Kwa hiyo yule yule uliyemwahidi kwa wateja hayupo, na hatakuja.

Hauambukizi. Haukuwahi kuambukiza, hata usiku ule wa mkeka. Ulihama kitanda bila kuniambia kitu, nikalala macho yakiwa darini, nikikusikia unavyogeuka huko chini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kabati. Naogopa kurudi kwenye nyumba ambayo nitatandikiwa peke yangu. Kama ndivyo ilivyo, niambie wazi, nitakaa kwa mama mpaka tujue la kufanya. Ila usinitumie kitu kwenye kopo.

Nimekukumbuka mpaka nimejichoka.

Mkeo


Karakana
16 Mei

Mama Chiriku,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nikifika kwenye mkeka nairudia kutoka juu.

Nikueleze ilivyokuwa. Usiku ule kabla hujaondoka, na mwingine kabla yake, nilikuwa nimelala, mkono wangu ukakuangukia kifuani kama siku zote. Ulilia usingizini. Hukuamka, ulilia tu, kilio kidogo, kama mtoto. Niliutoa mkono. Nikasinzia, ukarudi tena wenyewe, ukalia tena. Miaka yote hii mkono umezoea njia, siwezi kuuamrisha nikiwa nimelala. Kwa hiyo nikatandika chini, nadhani ndipo ulipoamka. Nilidhani unaelewa. Sikukwambia kwa sababu nilidhani ukijua kwamba nimekuumiza utajilazimisha usilie.

Kuhusu yule yule, sitakudanganya, nilikuwa na maana ya ngozi pia. Nilitaka iondoke yote, nilitaka ukae barazani unacheka na watu kama ulivyokuwa. Nani hataki hivyo kwa mke wake? Ndiyo maana nilikamua zile tyubu. Lakini ningepewa nichague kati ya ngozi ile, nyumba ikiwa tupu hivi, na wewe ukiwa na madoa yako na kofia yako ya nyuki, nisingesubiri swali liishe. Rangi ya chumba unaweza kuichukia ukitaka, nitaipaka upya. Baraza nimeanza kuliwekea paa na ukuta wa mbao upande wa jua. Fremu imesimama tayari, dirisha utaniambia liwe wapi.

Kwa mama yako hukai. Mwambie nimemsalimu.

Daktari Kioo nimempigia simu kwenye meza ya sista, wodi nzima ikisikia. Nimemwambia safari hii asimuulize mgonjwa kama anataka au hataki. Amesema saa za kuona wagonjwa ni alasiri, na nadhani alicheka. Chiriku yuko kwa shangazi yake.

Barua hii sijaitia stempu. Nitakupa mkononi, maana kusema mbele yako nitashindwa, utaisoma nikiwa nimekaa. Nina swali moja. Nataka kukushika, bila glavu, na sijui tena wapi hapaumi. Nionyeshe pa kuanzia. Jibu usiliandike, niko hapa kando yako, nangoja.

Mumeo